Usitie Saini Peke Yako, Lugembe

Kijijini Ipole,
Sikonge, Tabora.
14 Septemba 2025

Mpendwa mume wangu Lugembe,

Marahaba, maana najua kabla hujafungua bahasha umeshaniamkia. Hujambo? Mke mwenzangu Mwamvita hajambo? Mwambie namsubiri aje tugombane ana kwa ana, kwenye simu hakuna raha. Na kikohozi cha kitukuu changu Hafsa kimekwisha? Kama bado, mpe ile asali niliyotuma, si ya dukani iliyojaa sukari.

Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua asubuhi, likipata jua linanyamaza. Mjomba wako yuko porini kwenye mizinga, nyuki mwaka huu wameingia vizuri. Anayeandika ni mkewe, Theodora. Mimi shule niliiona kwa nje, nikipita na kuni kichwani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinisafishie maneno.

Sasa tuje kwenye lile la simu ya Jumapili iliyopita. Uliniambia kampuni yenu imekuita peke yako, ikakuwekea mkataba mpya mezani. Mshahara unapita wa marubani wenzako, ila sharti utoke kwenye chama chenu. Unataka niseme sawa, ndipo utie saini. Ukaniambia, bibi, fikiria kwanza. Nimefikiria. Hapana.

Theodora ameinua kalamu ananitazama. Andika, mama. Hapana.

Usidhani sikuelewa. Uliweka simu kwenye spika na wenzako wamejaa hapo sebuleni, nikawasikia wote. Yule Fikiri akasema, "Bibi, chama kimelala! Tunakatwa ada kila mwezi, viongozi wakiingia kwenye mazungumzo ya mishahara wanatoka na picha za kupeana mikono." Sabiri akamrukia, "Kimelala kwa sababu wewe mkutanoni huji. Unakuja kwenye kundi la simu kutukana tu." Fikiri akamjibu, "Nikija nifanye nini, nimbebe mwenyekiti mgongoni?" Nilicheka mpaka nikapaliwa. Lakini wewe, mume wangu, ulinyamaza. Ukinyamaza hivyo nakujua: umeshaamua, unatafuta mtu mzima wa kukufunika.

Mimi sikufuniki.

Fikiri simlaumu. Mwenyekiti akisinzia, anasinzia, hata umwite mheshimiwa. Na ndege siijui, naiona ikipita juu ya mabani yetu ya kukaushia tumbaku, sijui hata unaishika wapi isianguke. Ila kuitwa pembeni peke yako, hilo nalijua.

Mwaka huu soko la tumbaku lilipofunguliwa, mnunuzi alikuja na dharau. Jani zuri, lina rangi ya dhahabu, anataka kuliweka daraja la mwisho. Tukakubaliana pale ghalani kwa chama chetu cha msingi cha wakulima: hakuna robota la tumbaku linalotoka mpaka aangalie upya. Wanawake tukapanda juu ya marobota yetu, tukakaa. Mnunuzi ananiambia, "Bibi, shuka, utaanguka uvunjike." Nikamwambia nikivunjika nitavunjikia kwenye jasho langu, wewe angalia jani.

Basi Shigela, jirani yetu uliyechunga naye ng'ombe, akaitwa nyuma ya ghala. Robota lake moja likapewa daraja la juu kabisa. Akatoka anatabasamu, anatutazama sisi wa juu ya marobota kama kuku walionyeshewa mvua. Kesho yake akayaleta yaliyobaki, jani lile lile, shamba lile lile. Yote yakaandikwa takataka. Shigela akapiga kelele. Mnunuzi hata hakukasirika. Akamwuliza tu, "Kwani uko na nani?"

Hakuwa na mtu, Lugembe. Aligeuka kutazama nyuma, akatuona sisi tuliokaa upande mwingine, na aibu ikamzuia hata kutuita.

Huo mkataba wako ni robota la kwanza. Watakulipa vizuri, tena kwa heshima, mpaka wenzako wavunjike moyo na chama kife. Mkataba ukiisha utarudi mezani kwao, na watakuuliza swali hilo hilo. Hapo utamwita nani? Fikiri? Sabiri uliyemwacha?

Nawe usiniambie tulishinda kwa sababu tulikaa. Hatukushinda yote. Madaraja mengine yalipandishwa, mengine tukauza huku tunasonya. Robota langu moja liliota ukungu likingoja, maana ghala linavuja. Na katibu wetu, tuligundua anakula sahani moja na mnunuzi. Tulimwondoa kwa kura mchana kweupe, amekaa pale pale mbele, kofia magotini. Tulimwondoa katibu. Chama tumebaki nacho, kina matundu, ni chetu.

Jina lako nilikupa mimi, baba yako alitaka jingine. Ni la babu yangu, aliyebeba pembe za ndovu kwenye misafara kwa njia hii hii inayopita hapa Ipole. Alitusimulia kwamba posho ilipopunguzwa, wapagazi walitua mizigo wote kwa pamoja katikati ya njia, mwenye msafara akabaki anafoka peke yake, hana hata kichwa kimoja cha kumbebea. Hakuna aliyejua kama watapigwa au watalipwa. Sikukupa jina la mtu aliyenong'onezwa vichakani.

Na usinitaje mimi kama sababu. Ulisema ukipata hela hiyo utanijengea. Nani alikutuma? Nyumba yangu ina bati, na bati halivuji. Najua unapanga, najua Hafsa anataka shule nzuri, na roho inaniuma kuliko unavyofikiri. Lakini dai mshahara huo mbele ya watu, kwa sauti ya wengi. Ni haki yako. Wala usiogope kuitwa mkorofi. Mimi wameniita hivyo tangu nikiwa msichana, na bado napika, nalima na nalala usingizi.

Kitu kimoja kimenikera zaidi. Sabiri alisema uliandika kwenye kundi lenu kwamba chama ni genge la wazee wala ada. Ni wewe kweli? Basi fanya alivyofanya Shigela. Tulimpiga mchenya, ile faini yetu ya mbuzi, akalalamika lakini akamleta. Mbuzi mwenyewe tulimla naye, tukamkalisha katikati, watu wakamtania mpaka akacheka, na siku ya soko lililofuata alikaa juu ya robota kama sisi. Kwenu huko mbuzi ni shida, peleka hata pilau. Omba radhi. Kisha simama umwambie mwenyekiti kila kinachokuuma, mwamshe. Akikataa kuamka, gombea wewe nafasi yake. Unaogopa nini, wewe unayepeleka watu angani?

Theodora anasema karatasi inakwisha, na mimi nasema mkono wake ndio umechoka. Anakusalimu. Mjomba wako naye aliacha salamu zako, alisema safari hii usipokuja kwa msimu wa asali atakula fungu lako. Msalimie Mwamvita, na Hafsa umbusu kwenye kipaji cha uso kwa niaba yangu. Sabiri mpe salamu za heshima. Fikiri mwambie nimempenda kwa mdomo wake, ila aupeleke mkutanoni.

Ukienda kutia saini, nenda, wewe ni mtu mzima, sitakufunga kamba. Lakini baraka yangu usiibebe siku hiyo, iache mlangoni. Ukienda mkutanoni, hii hapa, ibebe yote: Mungu akupe sauti isiyotetemeka, akuweke katikati ya wenzako, na wakikufukuza kazi kwa ajili hiyo, akurudishe kwangu mzima. Bani lina kazi, na ugali upo.

Mkutano wenu ni Alhamisi. Jioni yake nitapiga simu, na nitamwuliza Sabiri, si wewe.

Ni mimi nikupendaye hata ninapokugombeza,
bibi yako na mke wako mkubwa,
Asnath