Roho Mbili Nilizozileta

Kwa Hamaleke, ng'ambo ya josho,
Choma.
Tarehe 9 Novemba, 1986.

Kwako Kaka Malambo,

Pokea salamu zangu na za mpwa wako Luyando. Natumaini wewe, wifi na watoto mko salama huko Livingstone, na kwamba kifua cha wifi kimetulia baada ya ile baridi kupita. Sisi huku tu wazima wa mwili. Unisamehe kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako niliipokea Agosti, na sasa mvua ya kwanza imeshanyesha. Mwanzoni sikuwa na nafasi, maana Luyando anaota meno na hanipi mikono miwili kwa wakati mmoja. Baadaye nafasi ilipatikana, lakini kila nilipoandika "Kaka mpendwa" kalamu iligoma. Leo nimeliruka neno hilo, na unaona barua inakwenda.

Umeniandikia nishukuru kwa yote. Umesema Bwana amenipandisha cheo cha mateso, na kwamba umeshazungumza na mgane mmoja wa kanisani kwenu, fundi cherehani mwenye watoto watano, naye yuko tayari kunipokea pamoja na mtoto. Hilo la fundi nitakujibu. Kwanza nisikilize wewe, kwa sababu hukuwapo, na wanaokupelekea habari ni wale wale walionitoa.

Wewe ndiye uliyekuja hapa na baiskeli yako miaka miwili iliyopita, ukakaa siku tisa, ukanifundisha Neno wakati nina mimba ya huyu mtoto. Niliamini. Sikuamini kwa kukuridhisha, na mpaka leo sijalijutia. Wakati ule kanisa letu pale joshoni lilikuwa watu kumi na mmoja chini ya paa la nyasi, tukiimba na ng'ombe wakituitikia. Sasa wamefyatua matofali, wamepita mia mbili, na Jumapili ukichelewa unasimama dirishani. Yote kwa ile kauli yako, Kila Mmoja Amlete Mmoja. Ukatuachia na kitabu cha waongofu chenye mistari miwili kwa kila mtu: jina lake, na chini yake, ameletwa na nani. Nami nilitaka jina langu liwe kwenye ule mstari wa chini. Nani hakutaka?

Nikaanza na mwenzangu Namweemba, mke mkubwa. Sikumhubiria, maana mtu aliyenitangulia miaka kumi katika boma lile angenihubiria yeye. Tulikuwa tukibangua karanga, mimi namsomea kwa kuwa yeye hajui kusoma, na yeye ananikatiza kwa dhihaka. Mara aniulize huyo Yesu wangu ana ng'ombe wangapi hata anawaita watu waache yao. Mara aseme kama ni mponyaji kweli, aanze na upara wa kaka yangu Malambo, ndipo yeye atafikiri. Siku moja nikafika kwenye habari za Hana aliyenyimwa mtoto. Mikono yake ikasimama kwenye karanga. Akaniambia nirudie. Nikarudia mara tatu. Unajua kwamba amekaa katika boma lile miaka kumi na nne bila kunyonyesha. Jumapili iliyofuata alitangulia kanisani kuliko mimi.

Mume wetu Hamaleke alikuja kwa wivu. Alisema mwanamume gani huyu ambaye wake zake wawili wote wanaimba, na yeye anakunywa togwa yake ya chibwantu peke yake kama mgeni. Akaja aone ni nani anayekula Jumapili za wake zake. Wiki ya tatu akapiga magoti mbele.

Nilipokwenda kumwandikisha, mwenye kitabu alikuwa Mzee Mweetwa. Unamfahamu, ni wa ukoo wa Leya, watani wetu sisi wa Tenda tangu mababu. Ndiye aliyeingia kaburini kwenye mazishi ya baba akakataa kutoka mpaka tukampa kuku. Akanitazama juu ya miwani, akaniambia, wewe panya wa Tenda, ukishamleta huyo mumeo utalala nje na kuku. Nami nikamjibu kama anavyojibiwa Mleya, kwamba kinywa chake kinanuka beberu na aandike jina upesi kabla sijazimia. Tukacheka. Akaandika.

Mwezi Juni darasa la ubatizo likamalizika. Mchungaji akaja kutoka mjini, wazee wakakaa, sisi watatu tukaitwa mbele ya watu. Mchungaji akasema bwawani haingii mwanamume mwenye wake wawili. Akasema mke ni yule wa kwanza, na anayemfuata ni suria. Neno hilo alilitamka taratibu, kama mtu anayesoma tangazo la mnada. Hamaleke alikuwa akiizungusha kofia yake mapajani, na hakuinua macho hata mara moja. Kisha, kama ilivyo desturi, wakaagiza jina lake lisomwe kitabuni. Mzee Mweetwa akasoma: Hamaleke, ameletwa na Nchimunya. Watu wakapiga makofi. Walipiga kwa mazoea, Kaka, kama wanavyopiga kila jina linaposomwa. Makofi yalipoisha nikaambiwa nihame kabla ya mvua.

Wakaongeza kwamba nikitaka kupokelewa tena, nisimame Jumapili niungame kuwa nimeishi katika uzinzi. Nikasimama. Nilisema niliolewa kwa ng'ombe, na aliyewaswaga mpaka nyumbani, akipiga mluzi njia nzima, ni kaka yangu Malambo, mwinjilisti wao, basi kama ule ni uzinzi wamuulize yeye aliwala kwa imani gani. Nikakaa. Jina langu likakatwa kwa mstari siku hiyo hiyo. Sasa wanawake niliowafundisha kusali wananipisha kisimani kana kwamba ndoo yangu ina ukoma. Mmoja wao, yule mama wa dukani niliyemshika mkono akitapika siku aliyoacha pombe, aliniambia nisimsogelee maana yeye bado ni mchanga katika imani. Na watoto wa pale wamelishika lile neno suria, wanamwitia Luyando. Hana hata miaka miwili. Akisikia anaitwa, anacheka na kuwapungia mkono.

Na wewe ulijua. Umefundisha darasa la ubatizo miaka sita. Nilipokuandikia kwamba Namweemba ameamini, ulinijibu ukurasa mzima wa haleluya. Nilipokuandikia kwamba Hamaleke naye amekaribia, ulijibu nisilegee, niendelee kumvuta. Mimi suria, nimvute! Juni nilikuuliza mbona hukuniambia, ukajibu hukutaka kuuzima moto wangu. Ulitaka nini, Kaka, ila hesabu ya roho za kusoma kwenye mkutano wenu wa mwaka? Mimi nilikuwa kuni zako.

Kwa hiyo mwambie fundi cherehani asinipime. Sitakuja Livingstone. Sikuacha nyumba yangu nikalee watoto watano wa mtu nisiyemjua ili wewe uonekane umelitatua jambo. Na usimtume mtu mwingine kuja kunifariji, maana wawili wa kwanza walikula kuku wangu wakaondoka na habari zangu.

Sasa limebaki moja, na kama nisingeliandika, barua hii ingekuwa uongo kama zako.

Nimekuandikia kana kwamba Mzee Mweetwa alinitania tu. Nusu ni kweli. Siku ile, nilipokuwa nimeshafika kwenye uzio wa josho, aliniita nirudi. Alikuwa amevua miwani. Akaniambia, mwanangu, sasa si Mleya anayesema. Mwanamume wa wake wawili huambiwa amtoe mmoja. Nikamuuliza yupi. Akasema wakubwa ndio wataamua, yeye ni mwandishi tu, ila nifikirie vizuri kabla sijamleta huyo bwana darasani.

Nilifikiria, Kaka. Nilifikiria njia nzima, na mtoto yuko mgongoni. Na nilichofikiria ni kwamba mimi nina Luyando na Namweemba hana kitu. Ni wewe uliyetuhubiria tawi lisilozaa hukatwa. Nikasema basi, atakayetoka ni yeye. Nikamhimiza Hamaleke asikose darasa hata siku moja. Siku ya kikao nilimpigia pasi shati. Na ghala kubwa la Namweemba, lile la miguu minane, nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu mahindi yangu yatakaa upande gani. Huku jioni namsomea Hana, na yeye analia, na ananishukuru.

Nilimwambia yote Jumatatu iliyopita. Sikuweza tena kula ugali wake. Maana tangu nifukuzwe, kila asubuhi ananiletea unga na maziwa mgando hapa kwenye kibanda cha kulindia shamba. Nilimkuta anachambua maharage. Nilidhani atanimwagia, au ataondoka. Aliendelea kuchambua. Akasema alijua, maana hakuna mke mdogo anayempigia mume shati pasi kiasi kile bure. Akasema naye katika umri wangu angefanya vile vile, ila yeye asingeniletea Biblia, angeniletea mganga. Kisha akafuta uso kwa kitenge, akaniambia nisimwambie jambo hilo mara ya pili, linatosha moja. Sijui kama amenisamehe. Alinipa maharage niondoke nayo.

Wala ubatizo hajaupokea. Hamaleke alizamishwa peke yake. Wazee walipomwita Namweemba, aliwauliza yule Elkana mume wa Hana alikuwa na wake wangapi. Akawaambia alikuwa na wawili, akaenda nao wote kuabudu, akawagawia nyama wote, na mtoto wake yeye Namweemba ni huyu Luyando, basi wakishaupata ukurasa ambapo Penina, mke mwenza wa Hana, alifukuzwa pamoja na wanawe, wamwite. Mpaka leo hawajamwita.

Amenikatia sehemu ya shamba la watu wa mama yake, ng'ambo ya kijito. Hamaleke hana neno pale, wala kanisa. Ninajenga. Nguzo tano zimesimama, nyingine nakata mwenyewe mtoto akilala. Nasali asubuhi kama ulivyonifundisha. Hilo halikuwa lako kunipa, kwa hiyo huwezi kuninyang'anya.

Nisalimie wifi kwa moyo, nimemkumbuka. Wabusu watoto, na mkubwa mwambie shangazi amefurahi kusikia amefaulu. Wewe nakutakia afya.

Mahubiri usitume. Tuma hivi, kwa yule mwalimu wa huko anayekuja huku shule zikifungwa: turubai moja kubwa, maana nyasi za kuezekea hazitarefuka mpaka Aprili, misumari ya inchi nne, kilo moja, shoka, hata la zamani, likiwa na mpini, mbegu za karanga debe moja, dawa ya malaria ya mtoto, ya maji, si vidonge, Biblia ya herufi kubwa, maana Namweemba ameanza kujifunza kusoma na macho yake si ya kijana, na bawaba mbili za mlango pamoja na skrubu zake. Mlango wenyewe usitume. Namweemba aliung'oa Jumanne kwenye nyumba yangu ya zamani, mchana kweupe, akaubeba kichwani akapita nao mbele ya Hamaleke.

Ni mimi mdogo wako,
Nchimunya, mama yake Luyando.