Sijui Kumi na Nne

Vernon, nimetoka kwa wakili sasa hivi, masikio bado yananiwaka!

Yale majibu ya wito wa mahakama, benki inapotaka kuipiga mnada nyumba yangu kwa deni, niliyaandika mwenyewe. Kurasa kumi na moja! Wakili Pruitt akasoma mbili tu.

"Mzee Hollis, umekubali kila dai lao. Hata kwamba hati ya mkopo wanayo wao. Umeiona?"

"Sijaiona."

"Basi andika hujui. Wathibitishe wenyewe kwamba wanayo; wakishindwa, hawawezi kuiuza nyumba."

Mimi! Miaka sita ya masomo ya jioni, niandike SIJUI mahakamani?

"Unataka sifa au unataka nyumba?"

Vernon, nimeandika "sijui" mara kumi na nne. Tumewasilisha leo, siku ya mwisho.

Mke wangu anataka nakala aitundike ukutani. Anasema neno hilo amelisubiri miaka arobaini.