Lenzi Uliyoicheka

Papa Riziki,

Lile bomba lako nimelitoa. Usishtuke, kama huko mliko watu bado wanashtuka. Ile lenzi ndefu uliyoivaa shingoni kwenye kila ndoa ya hapa kambini Nakivale nimeiacha Mbarara, kwenye duka moja la Nyamityobora, nikapewa kitu kidogo kinachoenea kiganjani. Ni kilekile ulichokuwa unakicheka. "Furaha, hiyo ni ya kupiga sisimizi," ulisema, nami mwanafunzi wako nimebeba mfuko wako nyuma kama punda. "Mimi napiga batu."

Haya. Nikueleze lile bomba la kupiga batu, watu wazima, lilivyotuaibisha.

Ulipokufa mwaka jana, Mama Riziki aliniomba nitengeneze picha yako kubwa ya matanga, ile ya kuwekwa mezani juu ya kitambaa cheupe ili watu wajue wanalia wakitazama wapi. Nikapekua studio nzima. Makarton ya picha za ndoa, za ubatizo, watu wote wa kijiji pamoja na mbuzi wao, na wewe hakuna! Mpiga picha gani anakufa bila picha? Kila nilipokugeuzia kamera ulifunika uso kwa mkono: "Usipoteze batri kwa sura yangu." Majivuno matupu. Ulijifanya mnyenyekevu, kumbe uliogopa tumbo lako lisionekane. Mwishowe Mama Riziki akatoa kitu kimoja tu, kipicha cha kitambulisho cha mkimbizi ulichopigwa mlipofika hapa kutoka Fizi. Kidogo kama ukucha wa kidole gumba, na pembe moja imekunjika.

Nikafunga bomba lako kwenye kamera. Nikasogea karibu, likakataa kushika, kila kitu ukungu. Nikarudi nyuma mpaka likashika, na uso wako ukawa punje ya haragwe katikati ya meza. Nikaukata, nikaukuza, nikaenda kuuchapisha Mbarara. Ukatoka ukungu wenye masikio. Na watu wakaulilia hivyohivyo! Mchungaji, yule wa sauti kubwa, alisimama akasema eti umekwisha kuingia katika utukufu, ndiyo maana uso unang'aa. Utukufu gani? Lenzi haishiki karibu, basi. Tuliporudi kutoka makaburini Mama Riziki aliigeuza picha ikatazama ukuta, akasema, "Huyu simujui." Imekaa hivyo mwaka mzima. Sasa Jumamosi hii tunaondoa matanga, na ameapa kwamba hamalizi kilio mbele ya mtu asiyemjua.

Ndipo nikaenda Mbarara, kipicha chako kimelala ndani ya Biblia. Mwenye duka alikuwa bwana mmoja anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Akatazama kitenge changu, akatazama vumbi la viatu vyangu, akaniambia, "Nyabo, mama, hii iko ya kupiga wadudu. Wewe iko na wadudu?" Nilitaka kumjibu kwamba ninaye mmoja mbele yangu. Pembeni walikaa wapiga picha wawili wa harusi za mjini na mizinga yao mapajani, wakacheka pamoja naye. Ninyi wanaume na urefu wa lenzi, sijui huwa mnapimana nini.

Nikakiweka kipicha chako kwenye kaunta, nikajaribu zote tatu alizokuwa nazo. Ya kwanza ilikuwa fupi mno. Ili ishike ilibidi mdomo wake ukaribie kugusa karatasi, na kivuli chake chenyewe kikakufunika uso. Ya pili ilishika vizuri kwa mbali, lakini nzito, inadai kisimamio, na mimi kazi yangu ni kupanda boda mpaka Oruchinga na kamera imefungwa kwenye kitenge. Kwa mashimo ya ile barabara ningefika na vipande. Ya tatu haikuwa na majivuno. Nyepesi, inashika kwa umbali wa kiganja, mwanga unapita pembeni, na ukiinua kichwa unampiga mtu mzima nayo vilevile. Haivuti vitu vya mbali, ni kweli. Anayetaka kusogea atumie miguu aliyopewa na Mungu.

Yule bwana alipoliona bomba lako alisahau wadudu wake mara moja. Nililiweka mezani mwenyewe. Miaka saba nimelipangusa kila asubuhi kwa kipande cha shuka, na kutoka pale dukani nilijisikia mwizi.

Nilikipiga upya kipicha chako palepale Mbarara, verandani kwa wachapishaji wa picha, kabla jua halijawa kali. Leo nimempelekea Mama Riziki picha kubwa iliyochapwa. Alitazama muda mrefu, lakini si uso. Aliweka kidole kifuani mwako. Shati lako lina kifungo kimoja kisichofanana na wenzake, kikubwa, kimeshonwa kwa uzi mwekundu. "Hii kifungo ni mimi nilishona," akasema. "Asubuhi ileile, ku foleni. Nilikikata ku nguo ya mutoto." Ndipo akapandisha macho. "Ni yeye." Akaketi chini pale mlangoni akalia, Papa, kama ndiyo kwanza umekufa, na mimi nikaketi kando yake nikalia naye.

Kwenye kipicha chenyewe kifungo kile ni kidogo kuliko sisimizi. Bomba lako lisingekiona hata kwa miaka mia.

Nimekusema vya kutosha. Na mimi je? Miaka sita nyuma yako, najua ulivyokuwa unauma mkanda wa kamera ukifikiri, na sikuwahi kukuibia hata picha moja! Mjinga mkubwa ni mimi. Nilikucheka kwa kufunika uso, nami nikautii ule mkono.

Sitautii tena mkono wa mtu yeyote. Leo Mama Riziki alipokuwa anafuta machozi alikataa kupigwa, nikampiga tu, mikono, kovu la kisu, pete, vyote vimeshika. Hakuna mtu wa nyumba yako atakayetoka ukungu mikononi mwangu, nakuahidi hilo.

Jumamosi utakaa mezani na kifungo chako. Pumzika, Papa. Na wale sisimizi uliowadharau, sasa ndio majirani zako. Wasalimie.

Furaha wako