Kisiwa Ulichokikataa

Baba Anita,

Umenichosha. Nilitaka nianze kwa kukuombea pumziko la milele kama mke mwenye adabu zake, lakini nimekaa hapa mezani tangu mchana na neno linalonijia ni hilo hilo. Ulinichosha ukiwa hai kwa visiwa vyako, ukafa hujachagua hata kimoja, na sasa nachoka peke yangu.

Wenzako wakistaafu wananunua ng'ombe au mashine ya kusaga. Wewe ulimaliza ujana wako chini ya maji ya Tanganyika, ukimkamatia tajiri samaki wa mapambo wa kupeleka Ulaya, na ulipostaafu ukatangaza kwamba jubilei ya ndoa yetu tutaifanyia visiwa vya Karibi, tukizamia, tena kwa bei nafuu. Nikakuuliza kwa nini tusiende Zanzibar au Mafia, chumvi si ni ile ile? Ukasema, "Zanzibar nitakutana na mtu anayeijua Sumbawanga, aniulize ungo wangu nimeuegesha wapi." Ulitaka mara moja tu katika maisha yako utaje mji wako bila mtu kukuchekea uchawi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, nikakubali, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza.

Kila jioni tukishakula ulikuwa na simu mkononi na miwani puani. Bonaire tulikaa nayo karibu mwaka mzima. Kule, ulisema, mtu anaegesha gari, anavaa mtungi wa hewa mgongoni, anaingia baharini kwa miguu kama anayekwenda kuchota maji, hakuna gharama ya boti. Nikaanza kuizoea Bonaire, hata nikamtajia padri. Ukaja kugundua kwamba unachookoa kwenye boti unakilipa kwenye chumba, Bonaire ikafa. Visiwa vya Honduras vilikuwa rahisi kuliko vyote, ila ukasoma kwamba vimejaa vijana wanaokesha kwenye muziki, ukaniuliza mzee wa parokia atalala wapi. Tobago mkondo una nguvu. Cuba benki zinasumbua. Cayman ukaniita kutoka jikoni nije nione kwa macho yangu bei ya chumba kwa usiku mmoja, tukakadiria kwamba ni ndama. Siku moja ukapiga kelele ya furaha, umepata bei ya kutupa, mwezi wa tisa. Anita akakuambia kwa simu kutoka Dodoma, "Baba, mwezi wa tisa ni vimbunga, ndiyo maana ni rahisi." Ulinuna siku mbili.

Na Dominica je? Siyo ile nchi kubwa ya jina linalofanana nayo, hiki kisiwa kidogo chenye milima. Bei ilikuwa nzuri, maji mazuri. Uliangalia picha moja tu ukanirudishia simu. "Milima na ukungu? Nitoke Ufipa niende Ufipa?"

Halafu mwezi wa tano ukaenda kunyoa.

Daktari alisema ni presha, mshipa wa kichwani. Ulifia kwenye kiti cha kinyozi ukiwa umenyolewa upande mmoja, na yule kijana akaja mochwari kumalizia upande wa pili huku machozi yanamtoka. Mtu aliyeishi ziwani asipate hata mafua anakufa pakavu mbele ya kioo. Na bado mama yako na nusu ya mtaa wetu wa Malangali wanasema maji ndiyo yaliyokuchukua. Yalikuwa yanakudai siku nyingi, wanasema, yakakufuata mpaka saluni. Nimeeleza presha ni nini hadi nimekauka koo. Wananisikiliza kwa upole, wananipa pole, kisha wanarudi kwenye maji yao.

Siku ya kuanua matanga wazee waligawa nguo zako. Makoti yalikwenda kwa waliostahili makoti, na mimi sina neno. Lakini ile suti yako ya mpira ya kuzamia ilikuwa imening'inia nyuma ya mlango, nikasahau kuificha. Baba mkubwa akaivuta huku na huku, akaisifia kwamba haipitishi upepo, akampa mdogo wako Kasiani kwa sababu anaendesha bodaboda alfajiri na mizigo ya mpakani Kasesya. Ningewaambia nini wazee wamekaa, kwamba hiyo si nguo?

Mwezi wa sita baridi ilipokaza Kasiani akaanza kuivaa ndani ya koti. Vijana wa kijiweni wakapata la kusema: "Oya mshikaji, leo unazamia wapi?" Yeye hajali. Anasema hajawahi kuwa na sweta kama hiyo. Sasa, suti ile ilikuwa imeshika umbo lako. Siku moja sokoni alikuwa amevua koti anafunga mzigo, ameinama, nikamwona kwa nyuma. Mabega yalikuwa yako. Niliita "Baba Anita!" kwa sauti, mbele ya watu wote. Akageuka Kasiani. Kwa hasira nikamwambia nisimwone tena na kitu hicho, na masikini, kwa kunionea huruma, akaanza kufungua zipu pale pale, ndani hana kitu. Ikabidi nimbembeleze aache. Nililia njia nzima mpaka nyumbani, Baba Anita, na sijui nilikuwa namlilia nani kati yenu.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zimeanza, nikaamua nakwenda. Ndugu zako walikuwa wameshaipangia akiba ya safari: vigae vya kaburi na paa la nguzo nne juu yake. Niliwaambia ulikuwa mtu wa bei nafuu na wanajua. Ila nikuambie ukweli, sikuamua kwa ajili yako tu. Ulinifundisha kuzamia nikiwa na umri wa kuitwa bibi, nikapewa cheti na yule mwalimu wa hoteli ya Kipili, ziwani, na kule chini ndipo mahali pekee duniani ambapo hakuna mtu anayeniita. Hakuna Mama Anita chumvi iko wapi, hakuna shemeji naomba nikuulize. Nilikuwa nimeanza kupapenda, nawe ukafa, na kila mtu akafanya kama vile na mimi nimetolewa majini pamoja nawe.

Unajua nilitumia muda gani kuchagua kisiwa? Mchana mmoja wa Jumapili, mimi huku na Anita kwenye simu. Nimechagua Dominica. Usinikunjie uso. Vyumba ni vya watu wa kawaida, boti hazikamui mtu, na Anita aliambiwa kwamba viza yao haisumbui Mtanzania, ingawa ndege zinapita kwanza kwenye nchi za wakubwa ambao wanataka viza hata ya kukanyaga uwanja wao tu, na hilo limenitoa jasho mpaka Dar es Salaam. Nakwenda mwishoni mwa mwezi wa nne, baada ya palizi na kabla ya kuvuna, bei zimeshashuka na vimbunga havijaanza. Chini ya bahari yao kuna mahali ardhi inatoa mapovu ya moto kati ya mawe. Na juu, kwenye ile milima uliyoikataa, wanalima magimbi na ndizi kwenye miteremko mikali, nami nataka kuona wanazuiaje udongo usiteremke. Wewe usingeniruhusu hata nusu siku ya kutazama magimbi ya watu. Kumbe kazi ya kuchagua iliyokushinda miaka yote ile ilikuwa ya mchana mmoja tu.

Nikadhani nimemaliza. Mama yako akaitisha kikao.

Walikaa sebuleni kwetu, wazee na Kasiani, na mama yako akasema mke wa mwanawe haendi kwenye maji kabla ya misa ya mwaka. Nikasema jubilei haisubiri misa. Wakauliza huko nitakuwa na nani. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nikajitia ualimu. Nikawaeleza kwamba sheria ya kwanza uliyonifundisha ni kwamba mtu hazamii peke yake, lazima awe na mwenzake, na nikifika wenye boti watanipa mwenzangu. "Umesema mwenyewe," mama yako akanidaka. "Lazima awe na mwenzake. Basi mwenzake ni Kasiani." Na Kasiani, na uso wake ule wa huruma, akasema, "Suti ninayo tayari, shemeji."

Nilitamani nikufukue nikupige kofi. Akiba ile inatosha mtu mmoja kwa kujibana. Kwa watu wawili tungeishia Nairobi. Na Kasiani hajui kuogelea! Niliwaambia hivyo, wakasema atajifunza. Nikaona kubishana ni kupoteza mate, nikamchukua tukateremka Kipili, kwa yule mwalimu.

Alivaa suti yako hadi kidevuni, akaingia ziwani anaomba Salamu Maria. Mpira ule bila mkanda wa vipande vya risasi vya kuongeza uzito hauzami, wewe unajua, yeye hakujua. Miguu ikamtoka chini, akabaki anaelea chali anapiga kelele kwamba anavutwa. Maji yalikuwa ya kiunoni. Akanikaba shingo, akanywa ziwa, akatapika chai yote. Tulipomfikisha ufukweni akasema, "Shemeji, kamwambie mama nimekataa." Wakati wa kurudi, tunapandisha milima, akauliza, "Kaka alikuwa anaingia humo kila siku?" Nikamwambia kila siku. Akageukia dirishani akafuta macho kwa mkono wa ile suti. Siku hiyo nilimsamehe, na nikamwambia aivae tu, popote, hata sokoni.

Kesho yake alimwambia mama yako. Nikajiandaa kwa kikao kingine, nikapanga maneno makali kabisa. Hakuitisha kikao. Alikuja mwenyewe kwa miguu, na magoti yake yale, akakuta nachambua maharage. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda akavuta ungo kwake akaanza kunisaidia. Alizungumza Kifipa, kama anavyofanya jambo likiwa zito. Aliniuliza kule chini kukoje. Katika miaka yote uliyofanya kazi ile, aliniambia, hakuwahi kukuuliza. Nikamweleza kwamba kuna mwanga, kuna kimya, unasikia pumzi zako tu. Akaokota mawe mawili matatu kwenye maharage, akaniuliza bila kuniangalia, "Huwa unamwona?"

Swali hilo lilinipata. Kwa sababu siku ile ya Kipili, Kasiani alipokuwa amelala mchangani, mimi nilishuka kidogo na mwalimu, mara ya kwanza tangu ufe. Na nilikutafuta. Nakuambia wewe tu. Niligeuka kushoto kwangu, upande uliokuwa ukikaa siku zote, nikageuka tena na tena. Mwalimu alipoinua dole gumba kwamba tupande juu, nilijifanya sijamwona. Aliinua tena. Nilibaki pale nikitazama palipokuwa patupu, hewa inapungua mgongoni, na sikuwa na hofu hata kidogo. Ilibidi anishike mkono anipandishe.

Mama yako aliyaona yote usoni kwangu. Akaweka ungo chini. "Mimi siyaogopi maji, mwanangu," alisema. "Naogopa utampata, ukae naye huko. Nimebaki na wewe." Miezi yote hii nilikuwa namlaani kimoyomoyo kwa mila zake na ukaidi wake, kumbe alikuwa ameona nilichokuwa nakificha hata mimi mwenyewe. Nilimwangukia mapajani nikalia kama siku ya msiba. Akanipigapiga mgongoni kwa mikono ya vumbi la maharage. Alipoinuka kuondoka akasema niende. "Ukimkuta msalimie. Halafu upande."

Naondoka wiki ijayo. Mama yako atalala hapa kwetu awalishe kuku, Kasiani atanipeleka stendi. Kaburi lako litabaki na udongo kwa sasa, nimepanda maua pembeni, vigae tutaongea nikirudi. Bado nina hasira na wewe, na nadhani nitakuwa nayo siku nyingi, maana hakuna mtu mwingine ninayeweza kumkasirikia hivi bila kuchoka kumpenda.

Kwaheri, mume wangu. Huko ninakokwenda kushoto kwangu atakuwa mtu nisiyemjua hata jina, wa nchi nisiyoijua. Nakuahidi nitamtazama yeye. Sitakutafuta. Akiinua dole gumba, nitapanda.

Mama Anita