Nilichomfanyia Magesa Bwawani

Jumatano, asubuhi. Mvua ya jana imekatika lakini mawingu bado yamekaa juu ya vilima vya Butiama, mazito, kama hayajamaliza. Mkono wangu wa kushoto umevimba mpaka vidole havikunjiki. Wa kulia mzima, ndio huu ninaoandikia.

Daftari langu, nilikununua kwa ajili ya kisomo, nikakugeuza wa kunisikiliza. Leo nisikilize vizuri. Jana nilitaka kuua mtu.

Sijasema nilikasirika. Nimesema nilitaka kuua.

Nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitajitetea.

Tulikwenda kutembea, sisi wanne: Mama, mimi, Ghati wa miaka tisa, na Mwita wa miaka minne. Mama huyu siye aliyenizaa. Ndiye aliyenioa. Hakujaliwa mtoto, mume wake akafariki, na kwa desturi yetu akatoa ng'ombe akanioa mimi nimzalie, watoto waitwe kwa jina la marehemu. Wanaume waliokuja ili watoto wapatikane, Mama aliwachagua mwenyewe. Walikuja, wakaondoka. Hawana neno katika boma hili. Wakikutana na mtoto njiani wanamsalimia kama wanavyomsalimia mtoto wa mtu yeyote, wanapita. Huku kila mtu anajua hivyo.

Safari ilikuwa ya Mama. Aliugua kifua mwaka mzima, alipopona akasema hataki kufa hajakaa hata siku moja bila jembe. Kule Makoko, mjini Musoma, kuna mfanyabiashara amejenga hoteli kubwa yenye mabwawa matatu ya kuogelea, na bomba la buluu limejikunja kama chatu. Unapanda ngazi ndefu, unakaa, maji yanakusukuma mpaka chini. Mimi nilicheka. Juzi juzi tu tulikuwa tunapanga foleni ya kipande cha sabuni, tukikosa tunafua kwa majani ya mpapai, na leo watu wanalipa ili walowe. Na ziwa lenyewe liko pale pale nyuma ya ukuta. Lakini Mama akasema ziwani kuna mamba na kichocho, na yeye anataka awaone watoto wake wakicheka majini bila kuogopa.

Nikaenda mnadani Bunda kuwatafutia nguo za kuogelea kwenye mitumba. Ya Ghati ilikuwa na maua. Ya Mwita kumbe ilikuwa ya kike, sikujua mpaka tumefika na watu wanatabasamu. Mlangoni binti wa kuandika majina akauliza baba wa familia anaitwa nani. Mama akamwambia, "Andika mimi." Yule binti akacheka, akaiangalia fimbo ya Mama, akaacha kucheka, akaandika.

Hapa ndipo linapokuja kosa langu.

Ghati ana akili ya hesabu. Muhula uliopita alirudi kutoka shule akaniuliza baba alifariki mwaka gani. Nikamwambia bila kufikiri. Akachukua kijiti, akaandika chini, akatoa. Halafu akasema, "Mama, alikufa miaka kumi na moja sijazaliwa. Sasa mimi ni wa nani?"

Nikamwambia ni wa Mama, bibi yake. Hakubisha. Lakini kuanzia siku hiyo akawa anaacha chakula katikati, na nikigeuka namkuta ananitazama usoni kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

Sikuweza kuvumilia. Nikamtuma mama mmoja anayeuza samaki wa sato sokoni apeleke maneno kwa Magesa, yule mwanaume ambaye Ghati alipatikana kwake. Nilisema: Jumanne tutakuwa Makoko, apite kwa mbali, mtoto amwone sura. Asiseme kitu. Nilipanga nimnong'oneze Ghati kwamba yule pale ana mwanya kama wako, yaishe.

Mama sikumwambia.

Magesa nilikuwa namjua zamani, mtu mpole wa Bugwema anayeanika dagaa, ana shati moja. Tangu serikali ifungulie watu biashara amekuwa mtu wa sangara, ana pikapu yake, anapeleka samaki kiwandani. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mke wake amezika watoto watatu na nyumba yao haina mtoto. Hilo nimelisikia jana, damu ikiwa imeshamwagika.

Basi. Ghati aliteleza mpaka macho yakawa mekundu. Akaja kunivuta, mama panda na wewe, mama usiwe mwoga. Nikapanda na gagulo langu, kanga nimeikaza kifuani. Kule juu nikashika chuma cha ngazi. Mbele yangu shimo la bomba linanguruma, nyuma yangu vijana wamejaa ngazi nzima wananiambia haya mama, twende. Nikaangalia chini nimtafute Mama.

Nikaona kila kitu kutoka kule juu.

Magesa hakupita kwa mbali. Alikuwa ameketi meza ya Mama, ameagiza soda, amemwita Ghati na kumshika bega. Maneno yao nilisimuliwa baadaye na mama mmoja wa meza ya pili. Alimwita Ghati "mwanangu". Mbele ya Mama. Mama akamuuliza kwa upole kabisa, "Mwanao? Ng'ombe zako za mahari ziko zizi gani?" Magesa akamjibu kwamba bibi, mambo yamebadilika, siku hizi kila kitu ruhusa, mtu anachukua kilicho chake. Akasimama, akamshika Ghati mkono, akasema gari liko nje.

Mama akampiga fimbo ya sikio. Ya pili ikatua kwenye mfupa wa bega, mlio wake niliusikia mpaka juu. Magesa akageuka akampiga ngumi ya mdomo. Mwanamke aliyetoka kuugua, ambaye hata ndoo ya maji siku hizi namnyang'anya asibebe. Alianguka kwenye saruji kama nguo iliyodondoka kambani.

Nikataka kushuka ngazi, vijana wamejaa. Njia ilikuwa moja tu.

Nikajitupa kwenye bomba. Sikukaa kama wanavyokaa wenzangu, nilikwenda kichwa mbele. Kiwiko kikagonga, maji yakanijaa puani, nikageuzwa, nikatokea chini miguu juu. Watu walicheka. Mimi kuogelea sijui, lakini nilipokanyaga maji yalikuwa ya kifuani, nikasimama. Magesa alikuwa anapita ukingoni anamburuta Ghati, Ghati amemng'ata kidole na haachii. Nikamdaka kifundo cha mguu, nikavuta kwa nguvu zote za miaka yangu ya kulima. Akaanguka, kidevu kikagonga ukingo, akaingia majini na damu yake. Ghati akaponyoka.

Hapo ingetosha. Daftari langu, nakuambia wewe tu, hapo ingetosha kabisa.

Nilimpanda mgongoni. Nikamshika shingo kwa mikono miwili, nikamkandamiza mpaka chini kwenye vigae. Alikuwa anarusha mikono, ananiparua mapaja. Niliona mapovu yanatoka mengi. Halafu yakaanza kupungua. Nikafurahi yanapungua.

Sikuwa nimewahi kumpiga mtu. Mume wangu wa kwanza alikuwaga ananipiga mpaka sikio la kulia likafa, na sikumrudishia hata kofi moja. Mama aliporudisha ng'ombe za yule mwanaume na kunichukua, nilikuja hapa na jicho moja limefumba. Ngumi zote zile nilidhani zimekwisha. Kumbe zilikuwa zinasubiri maji.

Mlinzi alinipiga rungu mkononi. Sikuachia. Akapiga tena pale pale, vidole vikafunguka vyenyewe. Wanasema Ghati alikuwa amesimama ukingoni muda wote analia mama mwache, mama utamuua. Alikuwa upande wa sikio langu bovu. Sikumsikia. Au nilimsikia, sijui. Hili nalo najiuliza.

Walimtoa Magesa wakamlaza kifudifudi, akatapika maji na soda. Nilidhani atanitukana. Alinitazama tu kwa macho mekundu, akasema, Mama akiwa amekaa hatua tatu kutoka pale ameshika mdomo wake: "Umeniita mwenyewe, Sabina. Umeniita, halafu unaniua."

Akasema Alhamisi atakuja Butiama na wazee wake. Atakuja na yule muuza sato awe shahidi kwamba mama wa mtoto ndiye aliyemwita. Mwanaume akiitwa na mama wa mtoto, anasema, si mpita njia tena.

Msimamizi wa hoteli akatuambia tukapigane kwetu. Watu walitupisha njia kama tuna ugonjwa. Mwita, na ile nguo yake ya kike, alilia mpaka stendi kwamba yeye hajateleza hata mara moja. Njia nzima ya kurudi Mama alitazama nje tu, ameziba mdomo kwa kitenge, jino lililong'oka amelishika kiganjani. Mvua ikaanza kupiga, ngurumo juu ya ngurumo, na mimi naomba anitukane, anifukuze, aseme lolote.



Leo alfajiri nilimkuta jikoni anakoroga uji. Nikapiga magoti nikamwambia yote. Ghati na kijiti chake. Muuza sato. Kwamba sikutaka achukuliwe, nilitaka tu aone sura, aache kunitafuta usoni. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akaweka mwiko chini, akanipiga kofi.

Miaka yote niliyokaa katika nyumba hii hakuna aliyewahi kunigusa. Lilikuwa kofi la mkono mwepesi wa mgonjwa, lakini nimelia kuliko nilivyolia kwa rungu.

Akachota uji akanipa. Akasema kwa ule mdomo uliovimba, "Hilo ni la kunificha. La kupigana sikudai kitu, umepigana vizuri, mke wangu." Halafu akaniambia la kesho. Wazee wakiuliza, niseme sikumtuma mtu. Muuza sato ni mtu wa Magesa, anamtegemea kwa samaki, nani asiyejua. Nikamwambia Mama, nitasema ukweli wote, kwamba nilimwita aje kumwona na sikumwita aje kumchukua. Akatikisa kichwa. Wazee, akasema, watasikia neno moja tu: alimwita. Mengine yatakuwa upepo.

Amesema kweli. Nawajua wazee.

Nimefikiri tangu alfajiri, uji umepoa mbele yangu. Namfikiria na Magesa pia, sitaki kusema uongo kwako. Watoto watatu kaburini si mchezo. Alipomshika Ghati bega, nilimwona kutoka juu, alimshika taratibu, kama mtu anayeshika yai. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango, na alipoingia nikaitaka roho yake.

Ghati amekaa kizingitini sasa hivi, anamsuka Mama nywele zile chache. Mapema amekuja kunitazama mkono, akauliza kwa sauti ndogo, "Yule ndiye?" Nikamwambia ndiye. Akauliza kama atarudi. Nikamwambia atarudi kesho. Akaniuliza kama yeye Ghati atakwenda, nikasema hapana, haraka mno, hata sikumeza mate. Ameondoka akamkalia Mama miguuni mpaka Mama akacheka kidogo na kulalamika mdomo unauma. Uso wangu hajautazama tena.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho nitasimama mbele ya wazee na kitenge changu cha kanisani, nitasema sikumtuma mtu. Nitasema uongo huo vizuri, bila kutetemeka. Dhambi yake nitaipeleka kwa padre, baadaye, mtoto akiwa ndani.

Ninachoogopa si wazee na si padre. Naogopa wasiponiamini. Maana Magesa atamshika tena Ghati mkono, hapa hapa uwanjani, na sasa hivi naijua mikono yangu, hata huu uliovimba.

Mungu, waniamini. Kwa ajili ya Ghati. Na kwa ajili ya Magesa.