Somo la Muziki wa Wagiriki Si Langu Tena

Granville,
Sydney.
13 Julai 2025

Mpendwa Kaka Kiptoo,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii ya Julai. Goti lako linaendeleaje? Na Mama, bado anakataa kutembea na fimbo? Mimi na Chebet tu wazima, ila mafua tu. Binti yangu amenipita kimo sasa. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa, lakini jibu ni Kiingereza.

Nimesikia kwamba kwenye harambee ya kanisa ulisimama ukawaambia watu kuwa dada yako anawafundisha Wagiriki muziki wa Wagiriki. Tafadhali usirudie. Nimenyang'anywa somo hilo.

Wajua nilivyolipenda. Shule yetu ina watoto wengi ambao babu zao walitoka Ugiriki, na kwa miaka minne niliwafundisha historia ya muziki wao wa okestra na opera. Jinsi watu wa visiwa vya magharibi, waliotawaliwa na Venisi, walivyojifunza opera kutoka Italia huku bara likiwa chini ya Waturuki. Jinsi watunzi wa Athene walivyogombana baadaye: waandike kama Wajerumani, au wachukue nyimbo za vijijini wazitie kwenye okestra? Ugomvi wa namna hiyo tuliuona wenyewe kwenye kwaya ya nyumbani, ndiyo maana niliufundisha kwa moyo.

Mwezi wa pili, kwenye mkutano wa wazazi, baba mmoja aitwaye Stavros alisimama. "Huyu mama ni mwalimu mzuri," alisema, "lakini Mwafrika atatuambia nini kuhusu muziki wetu?" Hakuna aliyenitetea, hata wale ambao watoto wao walipata alama za juu kwangu.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu, Nicole, aliniita.

"Usilichukulie vibaya, Jepchumba. Tunataka mtu aliye karibu zaidi na utamaduni huo."

Nikauliza ni nani. Akasema ni Rufus, mwalimu mwenzangu.

Kaka, Rufus si Mgiriki! Watu wake walitoka Uingereza. Nilipomwambia Nicole hivyo, akasema wazazi hawajalalamika kuhusu Rufus.

Mimi nikapewa ngoma za Kiafrika. Mimi niliyelelewa na nyimbo za kanisani, niliyehangaika na mitihani ya piano hadi vidole vikauma! Ngoma sikuwahi kuigusa. Nimejifunza kwa video, nimefunga mlango ili Chebet asinione. Alijua tu. "Mum, just say no," aliniambia. Nitasemaje hapana, na mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja?

Siku moja Rufus alinifuata ofisi ya walimu akaniuliza kama visiwa vile navyo vilikuwa chini ya Waturuki. Nilimwambia akawaulize wazazi, nikaendelea na chai yangu. Sikujisikia vizuri, lakini sikumfuata kumweleza. Siku hizi watoto wanafundishwa dansi za harusi za Kigiriki tu. Opera na watunzi wameondolewa, eti ni mambo magumu.

Alhamisi iliyopita tulikuwa na tamasha la shule. Nilipiga ngoma vibaya, na katikati mdundo ulinipotea kabisa. Wazazi wakasimama, wakanipigia makofi ambayo sikuwahi kupigiwa kwa miaka yote minne. Stavros akanijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimlengalenga.

"Hii sasa," akasema, "hii ndiyo inatoka ndani yako."

Nikamshukuru. Kaka, nilimshukuru! Nikaingia chooni nikanawa uso, kisha nikarudi kupanga viti.

Nisalimie shemeji, kiongozi wa kwaya Mutua, na Shangazi Rispah. Mwambie shangazi sweta imefika na Chebet haivui. Mama akikuuliza habari zangu, mwambie nafundisha muziki, basi. Mungu awalinde nyote na amtulizie Mama maumivu ya miguu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Jepchumba