Baba, Maji Yale Yalikuwa Juu ya Mwamba

Baba,

Wangaluka, nakusalimu. Tangu tukuzike mvua zimekuja na kuondoka, na mto umeniachia maswali ambayo wewe ungeyafurahia kuliko mtu yeyote hapa Mwamapalala.

Unawakumbuka wale watafiti wa chuo na watu wa ofisi ya bonde la maji, uliowafukuza pale kwenye kona ya mto? Uliwaambia, "Mto hausomwi kwenye makaratasi," ukaendelea kunywesha ng'ombe. Wamerudi. Safari hii dada mmoja, Neema, alivua viatu akaniuliza, "Baba yako alijuaje pa kuchimba?"

Nilimwonyesha tu ulivyofanya kiangazi: unatembea peku mchangani asubuhi, unasimama panapopoa, unaniambia, "Mayu, mama yangu, lete koleo." Tukachimba. Maji yakatoka shimo halijafika hata magotini. Wakagonga nondo mchangani huku na huku mpaka wakagundua kuna mwamba umelala chini, unazuia maji yasiende. Baba, ulijua? Au miguu ndiyo iliyojua?

Basi wakatugawia kazi. Mimi napima kina cha maji huku kwetu kila asubuhi. Huko juu, mto unakotokea, anapima mzee Masanja. Ndiyo, yule yule rafiki yako uliyeacha kumsalimia, ukisema bustani zake za mboga zinatumalizia maji. Aliponipigia mara ya kwanza sikupokea. Siku hizi tunapigiana kabla ya chai, tunabishana maji ya nani yamepanda.

Sasa hili ndilo gumu kukuandikia. Vipimo vyetu vimeonyesha bustani za Masanja zinachukua maji kidogo tu. Kinachotuumiza ni njia ya ng'ombe. Njia yetu, Baba, ile uliyoifungua wewe. Ukingo umebomoka, udongo wa mfinyanzi unateremka na kuziba mchanga unaotunza maji.

Siku ya mkutano wa wafugaji na wakulima, Neema alinitazama tu. Nikasimama mwenyewe. Nikasema, "Baba yangu alijua maji yalipo. Hakujua nani anayaziba. Ni sisi."

Mzee Masanja alivua kofia. Hakushangilia. Alisema tu, "Laiti angekuwepo tukabishana." Nililia pale pale, mbele ya watu wa ofisi.

Wafugaji walinung'unika sana, lakini wamekubali njia ihamie kwenye changarawe, chini ya kona. Ukingo tumeupanda matete, sisi na watu wa juu pamoja. Yule ng'ombe jike wako mwekundu aligoma kupita njia mpya siku tatu. Ukaidi wako huo.

Lakini kuna jambo hata Neema hajalielewa. Juzi maji yalipanda kwangu, ilhali kwa Masanja yalikuwa yameshuka. Mvua haikunyesha huku wala kule. Yametoka wapi? Masanja anadhani kuna mkondo mwingine chini kwa chini, unaoingia kutoka upande wa mashamba ya pamba. Kesho tunakwenda wote watatu kuutafuta.

Pumzika, Baba. Nakuahidi sitaacha kuuliza. Ulipokosea nitasema, na ulipopatia nitasema kwa sauti kubwa zaidi. Na mzee Masanja nitamsalimia kila siku, kwa niaba yako.

Wabeja, asante, Baba.

Mwanao,
Kabula